Hatua Kumi na Mbili Kutoka Kisimani

Ndugu, majirani na marafiki mliofika, Jared Kahiga Waweru alizaliwa tarehe 12 Aprili 1941 huko Gitothua, Ruiru, akasoma hadi darasa la nne, shule ilipofungwa mwaka 1953, na tarehe 3 Januari 1964 akaajiriwa katika ghala la kiwanda kimoja mjini Thika, ambako baadaye alikabidhiwa magari madogo ya umeme ya kubebea mizigo, akayapenda kwa kuwa hayakuwa na moshi wala kelele.

Tarehe 5 Agosti 1967 alimwoa Wanja, wakahamia mtaa wa Landless, hapo Thika, wakajaliwa mabinti wawili, Gathoni, mwaka 1969, na Ngina, mwaka 1972.

Kuanzia 1981, betri za magari hayo zilipochoka aliruhusiwa kuzipeleka nyumbani, akazipasua nyuma ya nyumba, akayeyusha madini ya risasi yaliyokuwa ndani na kuyauza, na maji makali ya betri akayamwaga katika shimo, hatua kumi na mbili kutoka kisima kilichotegemewa na nyumba sita. Mkewe alipomwuliza, "Gari lako halina moshi, Baba Gathoni, mbona basi kuku wangu wanakufa?" alicheka akajibu, "Kuku wa Landless wamezoea kufa." Aliamini kwa dhati kwamba kisichotoa moshi hakichafui.

Mei 1996 alianza kuumwa tumbo, mikono ikalegea, na tarehe 17 Septemba daktari akamweleza kuwa damu yake ina risasi na figo zimeharibika. Siku hiyo hiyo alifukia shimo, lakini mvua kubwa ya Oktoba 1997 ikalifukua, maji yakaelekea kisimani, naye akasimama dirishani akizihesabu upya zile hatua, kana kwamba zingeongezeka. Alikifunika kisima kwa mabati, kisha akaenda nyumba kwa nyumba, akishikilia kuta, akawaambia majirani alichofanya. Maji yalipelekwa kupimwa. Yeye alifariki Jumatatu, tarehe 9 Februari 1998, kabla ya majibu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa ghalani, na majirani walioendelea kuja hata baada ya kuambiwa. Chai mliyokunywa wiki hii ilipikwa kwa maji yaliyoletwa kwa mitungi kutoka Gitothua, kama alivyoagiza. Majibu yatafika Ijumaa, nasi tutayasoma pale pale kisimani, yawe mazuri au mabaya, na hadi hapo, tafadhali, mtu asifunue yale mabati, na wenye watoto wadogo wawapeleke wakapimwe damu.

Baba Gathoni, pumzika sasa kwa amani, kisima tutakilinda sisi.