Mama Kinasa, Aliyeambiwa ni Vidonda vya Tumbo

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 9 Machi 1966, mtoto wa pili kati ya watatu wa karani wa posta na mkewe mshonaji. Kaka yake mkubwa, mwalimu mkuu mstaafu, alimtangulia kwa miaka minne. Mdogo wake, fundi majokofu, alimfuata kwa miaka mitano, na ndiye anayesoma karatasi hii. Atajitaja humu kama mtu mwingine, kwanza kwa sababu wasifu huandikwa hivyo, na pili kwa sababu akisema "mimi" hatafika mwisho.

Tangu utotoni marehemu alikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Akiwa na miaka saba alipelekwa kwenye mazishi ya jirani, na katikati ya hotuba akauliza kwa sauti, "Kwani yeye alijua kuwa anakufa?" Mama alimfinya paja mpaka akaruka. Waliokuwepo wanasema hakulia. Aligeuka tu akasema, "Sasa mama, umenifinya, na jibu hujanipa."

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1979 na sekondari mwaka 1983, akaingia chuo cha uuguzi na kutoka na stashahada Novemba 1987. Alifanya kazi wodi ya wanawake miaka kumi na mmoja. Mwaka 1999 alirudi darasani akiwa na mtoto wa miaka mitatu, na ndipo alipoangukia utafiti wa kuhoji wagonjwa na kusikiliza wanachosema. Mhadhiri wake mmoja, mtu wa takwimu, alimwambia mbele ya darasa zima, "Utafiti bila namba ni umbea." Akajibu, "Ni umbea, mwalimu, lakini una kibali cha kamati ya maadili." Darasa lilicheka, mhadhiri akamkata alama, na alama hizo hakuzidai.

Kuanzia Januari 2002 alikuwa mtafiti katika wodi ya saratani ya hospitali ileile. Chumba chake kilitazamana na stoo ya mashuka: viti viwili vya plastiki, boksi la karatasi laini, na kinasa sauti kilichompa jina. Wauguzi walimwita Mama Kinasa, wagonjwa nao wakafuata. Kazi yake, kwa lugha ya kawaida, ilikuwa kukaa na watu wanaokufa na kuwauliza inakuwaje. Alihoji watu mia tatu na kumi na wawili, kisha kila mahojiano akayaandika neno kwa neno, hata kikohozi, hata kimya. Kimya alikipima kwa sekunde na kukiandika kwenye mabano, maana kwake kimya kilikuwa jibu kama majibu mengine.

Alichogundua ni kwamba wagonjwa wanajua. Dereva mmoja wa lori alimwambia, "Mimi nilijua siku shemeji yangu, aliyenichukia miaka kumi, alipoanza kunimenyea machungwa." Kinachowaumiza, alisema marehemu, ni kuachwa peke yao na wanachokijua, huku nyumba nzima ikiwachekea kama watoto. Zamani pale wodini daktari alitoka koridoni, akasimama na ndugu, akawaambia wao, na mgonjwa akawatazama kupitia kioo cha mlango midomo ikichezacheza. Alipigana miaka sita kuibadilisha desturi hiyo. Akapata chumba chenye mlango unaofungwa. Akabandika tangazo ukutani kule koridoni: "Habari ya ugonjwa ni mali ya mgonjwa. Aulizwe yeye kwanza anataka kujua kiasi gani, na nani akae naye." Kila daktari mpya alipitia mafunzo yake, na alikuwa mkali kama pilipili. Kuna kijana mmoja alimrudisha mara mbili kwa kosa la kutoa habari mbaya akiwa ameshika kitasa cha mlango.

Tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa, hakuwa malaika. Nyumbani ukisema "niko sawa" alikuuliza sawa vipi, mpaka ukatamani kuugua ili umridhishe. Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 11 Desemba 1993, na mpima ardhi, mtu mpole aliyekuwa akisema amemuoa polisi wa maneno. Walijaliwa binti mmoja, mwaka 1996. Mpima ardhi alifariki kwa ajali ya barabarani Juni 2011, ghafla, bila mtu wa kumuuliza wala kumuaga. Tangu siku hiyo marehemu alikuwa akimwambia binti yake jambo moja tu kuhusu kifo: "Mimi nitakuaga. Hilo nakuahidi." Binti akakua, akasomea uhandisi wa maji, na mwaka jana akaenda ng'ambo kuendelea na masomo.

Mwezi Machi mwaka huu marehemu alianza kukataa chakula. Mwezi Mei macho yakawa ya manjano. Akalazwa wodini kwake, kitanda cha tatu toka mlangoni, na kipande cha nyama kikachukuliwa kupimwa. Majibu yalitoka Jumatatu, tarehe 12 Juni: saratani ya kongosho, imeshasambaa, miezi mitatu ukibahatika. Aliyekuwa na majibu mkononi ni yule daktari kijana wa kitasa. Alikuwa anaelekea kitandani kwa marehemu, fomu aliyoitunga marehemu mwenyewe mkononi, swali lake la kwanza juu kabisa, alipokutana koridoni na kaka mkubwa.

Hapo ndipo bahati mbaya ilipotuvizia. Daktari yule alisoma shule ya kaka mkubwa. Akasimama kama yuko gwaride. "Shikamoo, mwalimu." Kaka akaitikia, akauliza majibu, na kijana akayatoa palepale, wamesimama, chini ya lile tangazo. Kaka mkubwa akalia kidogo, akajifuta, kisha akasema, "Asiambiwe. Ni mjane huyu, ana moyo mdogo. Mwambieni ni vidonda vya tumbo."

"Lakini mwalimu, yeye ndiye aliyetufundisha..."

"Mimi nilikufundisha kusoma kabla yake."

Daktari akaikunja fomu, akaitia mfukoni. Mdogo wake marehemu alikuwepo, kasimama pembeni na mfuko wa vifaa begani. Alikuwa na mdomo, na hakuufungua. Jioni ile alinunua machungwa.

Mtu atauliza, mwanamke aliyesoma vile alidanganyikaje? Mganga hajigangi, lakini si hilo. Alishuku. Alimuuliza daktari, daktari akatazama kalamu yake. Alimuuliza kaka, kaka akamsomea sala. Kwa hiyo Jumatano, tarehe 2 Agosti, akiwa amerudishwa nyumbani kupumzika, alimwita mdogo wake, akamkalisha, akakiweka kinasa juu ya mto na kukiwasha. Yafuatayo ameyaandika kwa mkono wake, kwenye daftari lake la kazi:

"MUULIZAJI: Daktari alisema nini kule koridoni?

NDUGU: Vidonda vya tumbo, dada. Vimechimba kidogo.

(Kimya, sekunde 11.)

MUULIZAJI: Nikitaka kumwita binti yangu aje sasa hivi, wewe utasemaje?

NDUGU: Aa, ya nini kumvurugia mtoto mitihani? Utamwona Desemba. Utakuwa umenenepa hata akusahau.

(Kimya, sekunde 19. Ndugu anacheka.)

MUULIZAJI: Desemba?

NDUGU: Desemba, dada. Haki ya Mungu.

MUULIZAJI: Asante kwa kushiriki."

Na pembeni, kwa wino mwekundu, aliandika hivi: "Kaka anaweza kunidanganya. Daktari anaweza. Huyu nimemlea mgongoni, hawezi. Basi ni vidonda kweli."

Kesho yake alimpigia binti simu. Binti alikuwa ameshaulizia tikiti. Marehemu akamwambia, "Usije, mwanangu, maliza mitihani. Mjomba wako kaniapia Desemba."

Ikabaki wiki sita. Katika wiki hizo alikula uji wa vidonda, akanywa dawa ya vidonda ambayo haikutibu kitu, na maumivu yalipomkunja akaomba radhi kwa kudeka, eti vidonda tu vinamliza mtu mzima. Mdogo wake alikuwa akimshika mkono na kumwambia apige moyo konde.

Tarehe 10 Septemba alirudishwa wodini. Jumanne, tarehe 12, muuguzi wa zamu ya asubuhi, ambaye hakusoma shule ya mtu yeyote, alivuta kiti, akakaa, akamuuliza: "Mama, ungependa kujua kiasi gani?" Marehemu alimtazama. Alilijua swali lile, ni yeye aliyelitunga. Akasema, "Yote." Akaambiwa yote. Kisha akasema, "Mwiteni mwanangu," na sauti ilikuwa imeshabaki ya kunong'ona.

Kaka mkubwa akapiga simu yeye, huko nje kwenye ngazi. "Mama yako kazidiwa kidogo na vile vidonda. Njoo, lakini usihangaike." Tikiti ikapatikana ya Ijumaa.

Mdogo wake alipoingia, marehemu alifungua macho. Alisema neno moja na kulimalizia kwa pumzi: "Desemba, eh?" Akageuzia uso ukutani. Aliishi siku mbili zaidi. Waliozungumza naye ni muuguzi yule na mfagiaji wa wodi. Mdogo wake alikaa kwenye kiti siku zote hizo mbili akitazama kisogo chake, akaomba msamaha mpaka wagonjwa wa jirani wakamsihi anyamaze. Alifariki Alhamisi, tarehe 14 Septemba 2023, saa nane na robo mchana, akiwa na miaka hamsini na saba. Muuguzi anasema alikuwa akiuliza ndege inachukua saa ngapi.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya huyu ilifika mpaka uwanja wa ndege. Kikao cha familia kiliamua binti asiambiwe akiwa safarini, asije akapata mshtuko. Jumamosi, saa nne asubuhi, mjomba wake, yule wa Desemba, alimpokea. Binti alikuwa na begi moja, na mkononi mfuko wa dawa mpya ya vidonda vya tumbo aliyoinunua huko alikotoka. Kwenye gari akauliza, "Mama anakula?" Na mjomba, aliyekuwa na njia nzima ya kusema kweli, alisema, "Anakuulizia sana." Binti alitabasamu, akajipaka poda. Aliiona kweli mwenyewe gari lilipokata kona: viti vya kukodi vimepangwa mpaka nje ya geti, na watu wote wakasimama walipomwona.

Hakupiga kelele. Aliingia chumbani kwa mama yake, akafunga mlango, akakaa humo mpaka alasiri. Alitoka na daftari na kinasa. Kamati ilikuwa imeshaandika wasifu, "aliugua kwa muda mfupi, akapokea hali yake kwa imani." Binti akauchana vipande viwili, akamkabidhi mjomba wake daftari. "Utaandika wewe. Utasoma wewe. Na hutaruka mstari." Kaka mkubwa alisema ni aibu kwa familia. Binti akamwambia, "Ndiyo, mjomba mkubwa."

Marehemu ameacha kaka mmoja, mdogo mmoja, mawifi wawili na binti mmoja. Ameacha pia wodi ambayo wagonjwa wake, tunaambiwa, sasa huulizwa kwanza wao, isipokuwa wenye ndugu wanaojuana na daktari. Tunamshukuru muuguzi wa zamu ya asubuhi. Wengine hatuna tulichofanya cha kushukuriwa.

Binti yake ana ombi, na mdogo wake marehemu ameagizwa alisome kama lilivyo. Kabla udongo haujarudishwa, anataka dakika kumi na mama yake. Ana mambo aliyokuja kumwambia, na hataki ndugu wayasikie, hasa hawa wawili.

Mungu amjalie mapumziko mema. Jamani, tafadhali, tusogee.