Joho la Shaabani

Bismillahi. Sogeeni, wanangu, na wewe Swabir ilaze hiyo simu kifudifudi, maana watu wa hoteli wamengoja miaka na wanaweza kungoja mpaka baba yako amalize kusema. Hafsa, niinulie mto. Basi, hapo hapo. Twaiba, kitinda mimba wangu, kaa kando ya pazia, ili Mwanatumu na mama yake Kahaso walioko nyuma yake wasikie kila neno, kwa sababu nyinyi watatu ndio damu yangu lakini wosia huu unamhusu yule binti kuliko unavyowahusu nyinyi. Imamu yuko barazani na majirani. Dirisha nimeliacha wazi kwa makusudi, asije mtu kesho akasema Maalim Sefu aliweweseka kwa homa.

Mali yangu haina maneno mengi. Mirathi ameshaigawa Mwenyezi Mungu, mimi ni nani nimsahihishe? Nyumba ya Msambweni na ng'ombe walioko kwa mchungaji kule Kinango mtagawana kwa sharia, na atakayedai kwamba nilimnong'oneza zaidi ya fungu lake ni mwongo. Theluthi yangu nimeshaitamka mbele ya imamu: minazi ya Msambweni ilishe wanafunzi wa bweni. Vitabu ni vya chuo. Fimbo yangu mpeni yeyote, imeshasahau kazi yake. Lakini shamba hili la Galu ambalo chuo chetu kimesimama juu yake si langu la kutoa, na hapo ndipo nataka mtege masikio.

Babu yenu Shutu hakuwa msomi. Alikuwa mkulima aliyeisoma Alhamdu ukubwani, na chuo alikianzisha kwa uchungu, kwa kuwa mama yake alifia bara ambako kijiji kizima hakikuwa na mwanamke ajuaye kuosha maiti, na marehemu yule akalala akingoja mwoshaji atoke pwani mpaka watu wakawa hawawezi kukaa karibu na nyumba. Hilo baba yangu hakulisahau, wala hakulisimulia bila ya kushika pua. Ndiyo maana wanafunzi wa chuo chetu wanaweza kusoma fikihi na tafsiri na hesabu za mirathi miaka yote hiyo, lakini somo la mwisho, la mwezi wa Rajabu, ni kuosha maiti. Alisomaye mpaka hapo, Shaabani huvishwa joho, akapelekwa msikitini kwa dufu, kisha akarejea kwao Samburu au Jego au popote alikotoka, akawa mwalimu wa watoto na mwoshaji wa wafu.

Masheikh wakamwambia, Mzee Shutu, ardhi ukiiweka wakfu hairejei tena. Akawajibu, basi mimi siiweki wakfu, naiwekea sharti, kwa kuwa nawajua wanangu. Na sharti lake mnalijua tangu mlipokuwa mkinyonya: shamba ni la chuo maadamu kila Shaabani yuko mwanafunzi mmoja anayevishwa joho, na joho hilo avishwe kwa mkono wa damu ya Shutu. Shaabani itakayopita bila ya joho, shamba lirudi kwa warithi, wafanye watakalo. Mzee yule alikuwa na jicho! Yule atakayenufaika chuo kikifa ndiye aliyemkabidhi kazi ya kukiweka hai.

Enzi hizo lilikuwa pori la ngiri, hata mwizi hakulitaka. Leo ukisimama kwenye ukuta wa bweni unasikia muziki wa hoteli. Marehemu ndugu yangu Mwinga, ambaye nilinuniana naye mpaka siku ya mwisho, ndiye wa kwanza kunusa harufu ya bei; akataka tuache mwaka mmoja tu upite kimya, mwaka mmoja, alisema, nani atajua? Nilipokataa akakata minazi ya mpakani kwa hasira na kuapa kwamba hatakanyaga chuoni. Sisemi alilaaniwa, maana siri hizo si zetu. Nasema nilimwosha mimi kwa mikono yangu hii, na nilichokiona juu ya uso wake sitakitaja, kwa sababu mwoshaji ni mtunza siri. Nawaambia tu kwamba usingizi wangu haujarudi sawasawa tangu siku ile.

Sasa nakuja kwako, Swabir.

Usiiname. Sikuiti mwizi. Watu wa Diani mpaka Msambweni wanakusifu, na mimi nilikuwa wa kwanza kukusifu, kwa kuwa wanafunzi wetu ni watoto wa maskini na wewe una marafiki mahotelini. Ulipompatia Randu kazi pale hotelini, mama yake alikuja kuniombea dua huku akilia, nami nikalia naye. Randu! Kijana aliyesilimu akiwa hana hata kanzu, akawapita wote, sauti yake ikisoma hata kunguru wananyamaza. Leo anabeba masanduku ya wageni. Nikasema, riziki. Mwaka uliofuata ukampatia kazi mwingine, na baada yake wengine, na kila mara walikuwa ni wale wa darasa la mwisho, na kila mara kazi ilitokea Jumada, kabla Rajabu haijaandama. Kijana wa mwaka wa kwanza akikuombea kazi unamwambia asome kwanza. Wa mwaka wa mwisho hakuombi. Unamfuata wewe mpaka bwenini na gari lako. Ndipo nilipoanza kujiuliza, mbona mkono huu wa kheri unajua miezi?

Usiache mbachao kwa msala upitao, niliwaambia wale vijana, ngojeni Shaabani, hoteli haihami. Lakini nani atamsikiliza mzee mwenye kikohozi, hali kijana wa makamo amesimama mlangoni na ufunguo wa gari? Wakaondoka. Wageni wanaotutembelea huniuliza kwa nini chuo chenu kinaingiza wengi na kuhitimisha kiduchu, nami nikisema ni umaskini, ni simu, ni dunia. Nilisema kila kitu isipokuwa jina la mwanangu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mwaka huu amebaki Mwanatumu peke yake. Huyo naye ulimfuata, kazi ya mapokezi Diani, na sare nzuri. Akakujibu kwa adabu, shikamoo kaka, nitakwenda baada ya joho. Kazi iliposhindwa ikaja posa, na mposaji ni rafiki yako, mwenye haraka ya ajabu, anataka harusi kabla ya Shaabani kama kwamba bibi arusi ataoza. Kahaso akakataa, Mungu amjaze kheri. Ndipo mabati ya bweni la wasichana yalipoezuliwa kwa ukarabati, na mafundi wakapotea. Binti akahamia kwa Twaiba, akalala jikoni na vitabu vyake. Na jana, wanangu, jana begi lake limekutwa barabarani limekatwa vipande, na nguo zake zimetiwa mafuta ya gari. Hilo si la kazi wala posa. Sijui kama ni wewe au ni wale wanaokungoja kwenye simu, na pengine hata wewe hujui, na hilo ndilo linalonitisha zaidi ya kifo, kwa sababu watu hao wameanza na nguo, na ndani ya nguo hukaa mtu.

Naogopa, Swabir. Nakwambia wazi mbele ya dada zako. Naogopa kwa ajili ya binti yule, na naogopa kwa ajili yako. Ukiuza watakupa mkono leo, na kesho hawatakujua, na utakuwa huna chuo wala shamba wala mtu wa kukuitikia salamu kutoka hapa mpaka Kwale.

Nipeni maji. Kidogo tu... Inatosha.

Kuna jambo nimelifikiria nikiwa nimelala hapa, hata nikacheka peke yangu mpaka Hafsa akadhani roho inatoka. Kila kijana uliyemchukua, ulimchukua kabla ya somo la Rajabu. Wanajua kusoma, wanajua kufasiri, lakini hakuna hata mmoja anayejua kuosha maiti. Wachache waliobaki wakavishwa joho miaka hiyo ni wasichana, na waoshaji wetu wa kiume wa zamani wametangulia, na wa mwisho wao ndiye huyu mnayemwona kitandani. Mwanatumu amehitimu, naye ni mwanamke, hawezi kuniosha mimi. Wewe mwenyewe, mwanangu, uliacha masomo ukakimbilia Mombasa kabla hujafika somo hilo. Wazee wamesema mwosha huoshwa, hawakusema na nani. Mama yake babu yenu alilala akingoja mwoshaji, na sasa mimi mjukuu wake huenda nikalala vilevile, ndani ya chuo chenyewe, muziki wa hoteli ukipigwa.

Basi sikilizeni. Sherehe ni Ijumaa, nami Ijumaa siioni. Mwezi wa Shaabani umeshaandama, siku zake zote ni za joho, na nikifa kabla yake mkono wa kuvisha ni wako, Swabir, wewe mkubwa, nawe utaumwa, au utasafiri, au utachelewa njiani. Kwa hiyo atavishwa leo, sasa hivi. Somo lake amelisoma mbele yangu asubuhi na imamu akisikia, wala sikumsahihisha hata herufi. Fungueni sanduku. Lileteni joho hilo, lina harufu ya kafuri, ndilo lile lile la baba yangu, zito mpaka leo. Mwanatumu, binti yangu, toka hapo nyuma ya pazia, usiogope, simama hapa mbele ya dirisha wakuone walioko nje.

Nataka kunyanyua... Mkono hauendi. Hebu tazameni, joho nimewavika watu umri wangu wote, leo limenishinda. Swabir, shika upande ule. Shika bega la kulia nami nishike la kushoto, tumvike pamoja, na kila nililolisema nitakuwa nimelisamehe kabla joho halijafika chini. Shika, mwanangu. Mbona mkono wako uko mbali?

Swabir.

Macho yangu yameingia ukungu, lakini joho nahisi limenyanyuka. Nani ameshika? Huu ni mkono mdogo. Twaiba? Ni wewe? Alhamdulillahi. Baba yangu alisema damu ya Shutu, hakusema ya mwanamume. Mvike. Juu ya buibui, taratibu, fungulia mikono... Funga kifungo cha shingo. Imamu, umeona? Semeni huko nje kwamba mmeona. Basi, shamba lina mwaka mwingine, na Shaabani ijayo kazi ni yako, Twaiba, na watakuchukia. Usilale peke yako na binti huyu mpaka dufu limepigwa. Kahaso akae nanyi.

Nasikia gari limewashwa. Ametoka? Usimwite, Hafsa. Mwache aende.

Sogeeni, sauti inaniishia. Randu aitwe kutoka hotelini, aambiwe mwalimu wake amemwekea somo lililobaki. Twaiba akae nyuma ya pazia asome kitabu kwa sauti, Randu atende, hatua kwa hatua, mwili wangu ndio ubao wenu. Msifanye haraka. Randu atahitaji mwenzake wa kumwagia maji... Mwenyezi Mungu awahifadhi, awape umoja, awape mwisho mwema kuliko huu wangu. Radhi zangu nimewapa wote watatu. Wote watatu, nimesema, na Mungu ni shahidi.

Mlango msiufunge. Atarudi, hana kwingine pa kumzika baba yake. Akirudi msimtukane, msimuulize alikokuwa. Mpeni kata na maji ya mkunazi... mwambieni... aanze na upande wa kulia.