Elijah Njau Mburu, Fundi wa Gari Dogo Lililotoa Ushahidi

Wachungaji, majirani wa Kiganjo na wa Gitothua, na nyinyi mafundi mliofunga gereji zenu leo ili mfike hapa, asanteni. Mimi ni Jackie Wamboi, mtoto wa pili wa marehemu. Mama na ndugu zangu wamenipa kazi ya kusoma maisha ya baba yetu. Wameniomba nisilie kabla ya kufika kwenye habari ya mahakama, kwa sababu hapo kila mtu atataka kusikia vizuri.

Elijah Njau Mburu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 hapa Kiganjo, Thika. Alikuwa mtoto wa nne kati ya saba wa marehemu Mburu wa Chege na marehemu Wamboi. Babake aliendesha trekta katika shamba la kahawa, na mamake alichuma kahawa katika shamba hilohilo. Shangazi zetu walikuwa wakisema Njau alichelewa kuongea mpaka akafikisha miaka mitatu, na kwamba neno lake la kwanza lililosikika vizuri lilikuwa trekta. Hatuna njia ya kuthibitisha hayo, lakini waliomfahamu hawajawahi kubisha.

Alisoma shule ya msingi hapa Kiganjo kuanzia 1964 hadi 1970, kisha akaenda sekondari. Alipofika kidato cha pili aliomba mwenyewe aachwe akajifunze ufundi. Babake alikataa mwaka mzima. Mwishowe alikubali kwa sharti kwamba cheti kiletwe nyumbani, si maneno. Cheti cha ufundi wa magari kiliingia nyumbani Desemba 1976. Baadaye kilitundikwa kwetu ukutani, juu ya picha ya harusi, mpaka mama alipovibadilisha nafasi bila kumwambia mtu.

Januari 1977 aliajiriwa na marehemu Bwana Amrik Singh, aliyekuwa na karakana ya magari katika eneo la viwanda hapa Thika. Alifanya kazi hapo miaka thelathini na minane. Alianza na kunyoosha mabati, akaishia kuwa mkuu wa upande wa usukani na breki. Bwana Amrik alikuwa na maneno mawili tu kwa fundi aliyedhani amemaliza kazi: "Fungua tena." Baba alifungua tena. Binti wa Bwana Amrik, Navneet, yuko nasi leo, na jana alituambia kwamba babake hakuwahi kuliendesha gari lolote lililotoka karakanani kabla Njau hajalala chini yake na kulitazama.

Katika karakana hiyo ndipo alipokutana na mama yetu, Magdalene Nyakio, mwaka 1985. Mama alikuwa mwalimu wa chekechea. Alileta gari la kakake akasema lina kelele mbele, upande wa kushoto. Kelele ilikuwa upande wa kulia. Baba alitengeneza upande wa kulia, akamrudishia ufunguo, akamwambia, "Ulisema kweli, mwalimu." Hakumsahihisha mpaka walipokuwa wameoana. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 22 Agosti 1987, katika kanisa la Kiganjo. Mungu aliwapa watoto watatu: Eddie, mimi na Rachael. Mwaka 1996 tulihamia Gitothua, Ruiru, katika nyumba aliyoijenga kwa miaka minne.

Sasa nije kwenye magari madogo, kwa sababu wengi wenu mlimjua kwa hayo.

Krismasi ya 2009 Eddie alimletea zawadi, mfano wa pikapu wenye urefu wa kiganja na nusu. Rangi yake iling'aa na milango ilifunguka. Baba aliupokea, na kabla ya kusema asante akaugeuza juu chini. Chini kulikuwa na kipande bapa cha plastiki, na bomba la moshi limechorwa tu juu yake.

"Hii gari imechorewa tumbo," alisema.

Eddie alicheka. Baba hakucheka. Alichukua bisibisi ya saa, akaling'oa lile tumbo, na kuanzia siku hiyo hakuwa na jioni tupu. Springi alizitengeneza kwa waya wa kalamu. Bomba la moshi lilitoka kwenye antena ya redio, na rejeta kwenye meno ya kitana. Viti alivishona kwa ngozi ya kiatu changu cha shule. Alichekecha vumbi la barabara yetu kwa soksi ya mama, akalibandika ndani ya matao ya magurudumu, mahali ambapo vumbi hukaa kweli. Alisema gari lisilo na vumbi halijaenda popote. Kazi iliyomchukua muda mrefu kuliko zote ilikuwa usukani. Alitaka ukizungushwa kwa kidole, magurudumu ya mbele yageuke kupitia vyuma vyake vyote, kila kimoja mahali pake. Ilimchukua miaka miwili.

Jumapili moja mwaka 2011 mama alikuwa anavaa kwenda kanisani, akakosa hereni moja.

"Baba Eddie, umeona hereni yangu?"

"Naiona kila siku."

"Iko wapi?"

"Ni taa ya kulia. Nilikuwa nataka kukuomba ile ingine."

Mama alienda kanisani bila hereni, na hakumsemesha mpaka jioni. Siku ya Jumatatu alimpa ya pili.

Basi gari hilo lilikuwa kipenzi chake. Alilifanyia kazi miaka tisa. Nawaomba mlikumbuke hilo mnaposikia yanayofuata.

Tarehe 12 Juni 2018, jirani yetu Owino, dereva wa kusambaza mikate, alikuwa akitoka Ruiru kuelekea Thika na pikapu kuukuu ya tajiri wake. Kwenye kona alipoteza mwelekeo, pikapu ikapanda kando ya barabara, ikamgonga kijana wa bodaboda aliyeitwa Maluki, naye akafariki papo hapo. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Owino alishtakiwa kwa kusababisha kifo kwa kuendesha gari kwa njia ya hatari. Watu walisema alikuwa akikimbia. Wengine walisema alikuwa na simu mkononi. Alipotoka kwa dhamana alikuja kwetu, akaketi, akaacha chai ipoe.

"Mzee, mimi nilikata kona, gari ikakataa," alimwambia baba.

"Ilikataa aje?"

"Steringi ilizunguka tu. Bure. Kama haijashika kitu."

Baba hakumwambia kwamba anamwamini. Alimwambia, "Wacha niione kwanza."

Wakili wa Owino, Bi Savita, aliomba ruhusa, na baba akaenda kulala chini ya gari hilo pale lilipohifadhiwa. Ripoti ya ukaguzi ilikuwa imesema vyuma vya usukani viliachana kwa sababu ya kugonga. Baba aliona kitu kingine. Ncha ya chuma kinachosukuma gurudumu ilikuwa imenyooka kabisa. Ingeng'olewa na mgongano, ingepinda. Tundu lake lilikuwa limelika kwa kutikisika siku nyingi. Na ile pini ndogo inayopitishwa kwenye nati ili nati isijifungue haikuwepo. Kitundu chake kilikuwa kimejaa vumbi la zamani. Pikapu ilikuwa imetoka gereji wiki mbili kabla ya ajali. Aliyeifunga hakurudisha pini, na nati ikajifungua yenyewe, kidogo kidogo, Owino akiwa barabarani.

Februari 2019 baba alisimama mahakamani kueleza hayo. Haikwenda vizuri. Aliyajua mambo yale kwa mikono, si kwa mdomo. Alitaja vyuma, mwendesha mashtaka akamkatiza, akaanza upya, akachanganya kushoto na kulia. Hakimu alimsikiliza kwa uvumilivu, kisha akasema, "Mzee, naona unajua unachosema. Mimi sioni unachosema. Lete kitu tunachoweza kuona." Akaahirisha kesi kwa wiki tano.

Baba alirudi nyumbani akaliweka lile gari lake mezani. Halikufanana na pikapu ya Owino. Pua yake ilikuwa ndefu mno na bodi pana mno, na kule mbele usukani wake ulikuwa wa mtindo mwingine. Alikaa akilitazama tangu chakula cha mchana mpaka saa kumi. Kisha akaomba msumeno wa chuma.

Alilikata pua. Alizing'oa zile hereni, akamrudishia mama mkononi. Ule usukani wa miaka miwili aliutoa wote. Mama ndiye aliyelia. Baba alimwambia, "Nyakio, hii ni mabati tu. Huyo ni mtu."

Kwa wiki tano alilijenga upya kwa kipimo cha pikapu ya Owino, alichokichukua mwenyewe kwa rula. Bati lilitoka kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia. Vyuma vya usukani vilitoka kwenye spoku za baiskeli na mbavu za mwavuli, kila kimoja kimekatwa kwa mkono, na pini ilikuwa uzi wa waya usioonekana vizuri bila miwani. Aliweka hata kile kibonyeo cha mlango wa kushoto, pale bati la pikapu ya Owino lilipobonyea. Rachael alimuuliza kibonyeo kitamsaidia vipi Owino. Alisema, "Hakimu ameona picha za gari lile. Akikuta kibonyeo, ataniamini kwenye pini."

Tarehe 26 Machi 2019 tulikuwa wote mahakamani. Mwendesha mashtaka alilitazama lile gari juu ya meza, akatabasamu.

"Mzee Njau, hiki si kitu cha kuchezea watoto?"

"Kilikuwa, kabla sijakitengeneza."

Alimweleza hakimu kwamba nati ameikuza kidogo ili ionekane, na kwamba mengine yote ni kwa kipimo. Kisha akageuza usukani, na magurudumu yakafuata. Akachomoa ile pini kwa kibano. Akalipitisha gari juu ya matuta aliyoyatengeneza kwa njiti za kiberiti, akaenda, akarudi, akaenda, akarudi. Kila mtu alisikia nati ikidondoka mezani, sauti ndogo sana. Alipoligeuza, tuliona chuma kimening'inia, kimenyooka kama kwenye picha zilizoletwa na upande wa mashtaka wenyewe.

Hakimu aliomba aletewe. Aliuzungusha usukani kwa kidole kimoja, kushoto, kulia.

"Magurudumu hayafuati," alisema.

"Ndivyo Owino alivyotuambia, mheshimiwa," baba akajibu.

Tarehe 9 Mei 2019 Owino aliachiliwa huru. Nje ya mahakama alimwinua baba juu, mzee wa miaka sitini na miwili, na baba akamwambia amshushe kabla suruali haijararuka. Ile jioni Gitothua kulikuwa na nyama na nyimbo, na wanawake wa mtaa walimwimbia baba majina ambayo mama hakuyapenda yote.

Wiki moja baadaye alikuja mgeni ambaye hatukumtarajia. Alikuwa mama yake Maluki, ametoka Matuu peke yake. Aliomba kuliona lile gari. Baba alimwonyesha mara tatu, polepole, bila kusema mengi. Mama huyo akasema, "Mwaka mzima nimekuwa nikimchukia mtoto wa wenyewe. Nilichoka." Owino aliitwa kutoka nyumba ya pili. Yale waliyoambiana ni yao.

Baba hakuishia hapo. Kuanzia Juni mwaka huo, kila Jumamosi asubuhi alikwenda na gari lake dogo stendi ya Ruiru, akawaonyesha madereva na mafundi, kisha akalala chini ya magari yao na kutazama. Daftari lake linasema alikagua magari mia nne na kumi na moja. Kumi na saba hayakuwa na pini. Yote kumi na saba yaliondoka yakiwa nayo.

Mwaka 2022 aligunduliwa kuwa na kisukari. Kiliyashika macho yake, na kufikia 2024 hakuweza tena kuona waya mwembamba. Hapo mama, ambaye kwa miaka kumi na tano alikuwa amelalamikia vumbi la msasa mezani, alivaa miwani akaketi upande wa pili. Baba alipima kwa vidole, mama akakata. Walichukua mfano wa lori la dukani, wakalijengea sanduku la mchanga linaloinuka kweli. Mashine ya kuliinua waliitengeneza kwa mabomba ya sindano zake za insulini. Jumamosi, tarehe 16 Agosti 2025, lori hilo lilipata nafasi ya kwanza kwenye maonyesho ya mifano ya magari mjini Ruiru. Msimamizi alitangaza jina moja. Baba aliomba kipaza sauti, akasema cheti hakichukuliwi mpaka kiandikwe majina mawili. Kikaandikwa upya palepale: Njau na Nyakio.

Figo zake zilidhoofika Oktoba. Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki hospitalini hapa Thika, na Owino ndiye aliyempeleka na kumrudisha, bila kukosa hata siku moja. Jumatano, tarehe 21 Januari 2026, saa mbili asubuhi, baba alifariki nyumbani Gitothua, mama akiwa amemshika mkono. Alikuwa na miaka sitini na minane.

Ameacha mke wake mpendwa, Magdalene Nyakio, watoto wake Eddie Mburu, Jackie Wamboi na Rachael Nyokabi, wajukuu watano, ndugu zake Chege na Muigai, na dada yake Wangui. Kuna jina moja zaidi. Mama yake Maluki amekuja kutoka Matuu, na tulipomwonyesha orodha hii juzi aliuliza kama anaweza kuandikwa. Mama yetu alichukua kalamu mwenyewe. Kwa hiyo ameacha pia dada, Bi Mwikali, mama yake Maluki.

Mungu amlaze Elijah Njau Mburu mahali pema, na amani yake imzunguke.