Ngano ya Arobaini ya Thanos

Katika basi la kwenda Kalamata, Ugiriki, Bi Stamatia alipakata sinia la ngano tamu iliyochemshwa kwa arobaini ya kaka yake. Akamkaribisha bibi mgeni aliyeketi kando yake.

"Onja, dada. Ni ya Thanos Vrettas, mshairi. Ukila, sema tu, 'Mungu amsamehe.'"

"Yule aliyetia saini gerezani kuwakana wenzake?"

"Walimvunja vidole!"

"Na saini aliitia kwa mguu?"

"Vya mkono wa kushoto. Wa kulia waliuacha ushike kalamu. Hakuandika tena hata ubeti mmoja."

"Mume wangu hakutia saini. Nilirudishiwa viatu tu."

Basi likayumba konani. Bibi akalidaka sinia lisimwagike, akachota ngano, akatafuna taratibu. Stamatia akangoja lile "Mungu amsamehe." Basi likasimama, na bibi akashuka, bado anatafuna.