Askari wa Ndama wa Risper

Benchi letu liko Rodi Kopany, nyuma ya duka la mbolea, kando ya njia inayoteremka hadi soko la ng'ombe. Ni ubao mmoja uliopinda katikati, na anayekaa hapo katikati huonekana mfupi, ndiyo maana mimi hukaa pembeni. Mwaka huo wa tisini na sita kahawa ya hapo ilikuwa ya Risper, mjane mwenye birika mbili na ng'ombe mmoja. Ng'ombe huyo alikuwa amezaa mara mbili, na ndama wote wawili walikufa kabla ya kumaliza wiki mbili, mmoja kwa kuhara, mwingine kwa kifua. Jumatatu hiyo alfajiri akazaa wa tatu, jike. Sasa, benchi lina sheria yake: ng'ombe wa mwenzetu akizaa, maziwa ya kwanza yanachemshwa yanaletwa hapa, tunakula, tunambariki mtoto. Saa tatu Risper akatokea na sufuria kichwani. Maziwa mazito, ya njano, yameshikana kama yai. Nilishika kijiko mapema. Mambo ya baraka sipendi kubaki nyuma.

— Kuleni mumwombee, Risper alisema akitumiminia kahawa. Huyu ng'ombe ndiyo kitu marehemu bwanangu Ken aliniachia. Nikizika ndama ya tatu, kwa kweli nitauza mama yake na sitafuga tena.

— Min Elvis, alisema Daktari, akimwita Risper kwa jina la mtoto wake, wewe huna makosa.

Daktari jina lake ni Javan. Alifagia josho la ng'ombe miaka mitatu, na kila alichosikia akifagia anakitoa hapa kidogo kidogo.

— Ndama akizaliwa, damu yake haina askari hata mmoja. Mtu mzima ako na askari ndani ya damu, ugonjwa ikiingia wanaishika. Ndama ni kama kituo ya polisi siku ya mshahara. Unaingia, unaita, hakuna mtu.

— Kwa hivyo hao askari wanatoka wapi? aliuliza Risper.

— Hapo sasa. Daktari alilamba kijiko. Yule mkubwa wa josho alikuwa anafundisha wakulima. Akasema askari wa kwanza wanatoka kwa... ndio wakanituma chai. Kurudi, wanapiga makofi.

— Miaka mitatu, nikasema, na siku hiyo moja ndiyo ukatumwa chai?

— Omera, ndugu yangu, nilikuwa natumwa chai kila siku.

Redio akakohoa. Huyu ni Jared, analala na redio sikioni, na habari zikikatika kwa mawimbi anamalizia mwenyewe.

— Askari wanatoka kwa jua, alisema. Ndama akipigwa na jua siku ya kwanza, damu inaamka. Lakini jua ya siku hizi imeharibika. Kuna mitambo wazungu wameweka huko juu, inazunguka, inachuja. Sisi tunapata makapi.

— Na ndama ya Marcella hapo Rangwe, mbona iko sawa? nikamuuliza.

— Rangwe inachujwa Jumanne.

Risper hakucheka. Aliuliza kama amtoe ndama nje sasa hivi. Daktari akamwambia asimsikilize huyo, askari wanaingia kwa pua. Ng'ombe anamlamba mtoto, anampumulia, na pumzi ya mama ndiyo inabeba askari.

— Lakini hata wale wawili alilamba, Risper akasema polepole.

— Alilamba upande gani?

— Upande gani tena?

— Kuanzia kichwa ama kuanzia mkia? Akianzia mkia, askari wanatokea kichwani wanaenda zao.

Mimi pia nina akili, siwezi kukaa tu nikila. Nikaeleza kwamba tatizo ni mlango wa zizi. Unaangalia ziwa. Upepo wa Homa Bay unapanda huku na baridi yake, unaingia kwa kitovu kabla hakijakauka, na askari hawawezi kuzaliwa kwenye baridi. Nikamshauri ageuze zizi lote. Nilisema vizuri, hata Redio aliacha kutafuna.

— Tangu vyama vingi vije, Redio akasema baada ya kufikiri, hata askari wa damu wamegawanyika.

— Ongeza maziwa, nikamwambia Risper. Ya mwaka jana ilikuwa tamu zaidi. Hii umezidisha chumvi.

Wakati huo alikuwa ameketi mwisho wa benchi mtu tusiyemjua, mzee wa Kikuria aliyeleta fahali wawili sokoni. Alisema anaitwa Nyamhanga, akaagiza kahawa. Redio akampa bakuli kwa heshima ya mgeni. Mzee aliangalia ndani, akanusa, akaliweka chini bila kugusa.

— Haya ni maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa?

— Ya leo leo, mzee, akasema Daktari. Karibu, ni baraka.

— Na mwenyewe amekunywa?

— Mwenyewe nani? Risper yuko hapa, muulize.

— Ndama.

Nilimtazama Daktari. Daktari alimtazama Redio. Redio alikuwa na kijiko mdomoni, na hakukitoa.

— Tulimfunga mbali, Risper alisema mwishowe, na sauti yake ilikuwa ndogo. Tunasema hii ni chafu kwa tumbo yake. Nimempa maji na glukosi. Jioni ndiyo ananyonya, ikishakuwa nyeupe.

— Alizaliwa saa ngapi?

— Saa kumi na moja.

Mzee alipiga hesabu akiangalia jua, akasimama na kahawa yake haijaguswa.

— Ng'ombe bado ana mengine kwa chuchu. Twende sasa, mama. Sisi kwetu ndama anashiba haya kabla mtu hajakoroga uji. Kesho hata ukimpa ndoo nzima, mwili wake hautayapokea.

Risper alifunga leso kiunoni. Hakutuaga, hakuchukua birika wala sufuria. Tuliwaona wakipanda njia, yeye mbele anakimbia na mzee nyuma na fimbo yake.

Daktari aliweka kijiko chini taratibu.

— Kwa maziwa ya kwanza, alisema. Ndio mkubwa alikuwa anasema. Nimekumbuka mdomo yake ikisema hivyo nikitoka na birika.

Redio aliyatema yale yaliyokuwa mdomoni kwenye kiganja, akakosa pa kuyaweka.

— Na wale wawili wa kwanza? aliuliza.

Nilitazama sufuria. Wa mwaka jana tulimbariki hapa hapa, na wa kabla yake pia, na mimi mara zote mbili niliomba kuongezewa.