Eulalia Bracamonte na Chupa ya Barazani

Marehemu Eulalia Bracamonte, tuliyemwita Lala, alizaliwa tarehe 12 Februari 1944 hapa Patagonia, Arizona, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Crisanto na mama Delfina.

Alisoma hapa hapa mjini hadi darasa la nane, akaacha shule baba yetu alipoumia mgodini. Baadaye alifua mashuka hotelini kwa miaka thelathini.

Mwaka 1965 aliolewa na Fermín, fundi wa nyua za ng'ombe. Fermín alimjengea nyumba kando ya kijito, naye Lala akatundika barazani chupa ya maji ya sukari kwa ajili ya ndege wavumaji, wale wadogo kama kidole gumba, wanaokunywa huku wakielea hewani. Kila asubuhi alichemsha kikombe cha sukari kwa vinne vya maji.

"Mke wangu," Fermín alimlalamikia siku moja, "hao wanapata kifungua kinywa kabla yangu."

"Wao wametoka Mexico kwa mabawa. Wewe umetoka kitandani."

Fermín alifariki mwaka 2009. Chupa haikukauka.

Tarehe 4 Oktoba 2021 Lala alianguka bafuni akavunjika nyonga. Watoto wake, Rosaura na Leobardo, walimpeleka kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko Tucson. Aliomba mambo mawili: chupa ijazwe, na yeye arudishwe nyumbani mwezi Machi, ndege wanaporudi. Akaahidiwa yote. Chupa iliondolewa wiki ile ile, kwa kuwa ilikuwa ikivuta sisimizi na wanunuzi wa nyumba walikuwa wanakuja kuangalia.

Machi ilipofika, Rosaura alimpigia simu. Mimi, mdogo wake, nilikuwa nimeketi kando ya kitanda chake.

"Mama, wamefika! Wamejaa tele barazani."

"Nani anawachemshia sukari?"

"Leobardo."

"Leobardo hajawahi kuchemsha hata yai."

Alinipa simu, akageukia ukutani. Hakuuliza tena habari za nyumbani. Nimonia ilimchukua tarehe 19 Machi 2022.

Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, na mimi mdogo wake, Epigmenio. Jana nilipita pale nyumbani. Ndege mmoja alikuja barazani, akaelea mbele ya msumari mtupu, pale pale chupa ilipokuwa ikining'inia. Alingoja kidogo, akaenda zake.

Dada yetu apumzike kwa amani, mahali ambapo hakuna wa kumwahidi kitu.