Sista Lala Hapa Atundika Mkoba

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja kazini, Sista Lala Hapa anastaafu. Ofisi nzima ya Huduma za Majumbani imekuwa ikijifanya haijui, kana kwamba tukinyamaza vya kutosha tarehe itapita bila kutuona. Imeshindikana. Keki imeagizwa, viti vimeazimwa, na kama unasoma karatasi hii basi umeshaketi, kwa hiyo tuanze.

Kwa wageni ambao hawajawahi kukutana naye: Sista ni nesi wa tiba shufaa, yaani huwahudumia nyumbani watu wenye magonjwa yasiyopona, ili siku walizobakiwa nazo wazipate bila maumivu, katika vitanda vyao wenyewe. Ni kazi ambayo watu wakiisikia huinamisha kichwa na kushusha sauti. Sista hashushi sauti. Kicheko chake huingia nyumbani kabla yake, na madereva wetu wanaapa kwamba honi ya gari la ofisi ilipokufa hawakuona haja ya kununua nyingine.

Alianzia wodi ya wanawake, ambako matroni alimpa onyo kwa kosa la kucheka kwenye korido. Kitengo chetu kilipoanzishwa, kikiwa chumba kimoja nyuma ya stoo ya mashuka, hakuna aliyetaka kuhamia. Sista alihamia, akaja na kiti chake kichwani. Leo tuna manesi wa kutosha na gari ambalo siku nyingi huwaka bila kusukumwa. Wengi wetu tumefundishwa na yeye, akiwemo mkuu wa kitengo, ambaye mpaka leo humwamkia akiwa amesimama wima kama mwanafunzi aliyechelewa.

Jina la Lala Hapa hakupewa na wazazi wake. Linatokana na sheria yake moja isiyo na msamaha: ndugu hamgusi mgonjwa kabla yeye mwenyewe hajalala na kuhudumiwa kama mgonjwa. Sista hutandika shuka sakafuni, humtazama mtoto au mkwe aliyejaa maswali, kisha husema, "Lala hapa." Ukishalala, ndugu zako wanakugeuza, wanakufuta uso, wanakulisha kwa kijiko, na huruhusiwi kuwasaidia hata kwa kidole. Amewalaza makarani, mafundi bomba, na hakimu mmoja aliyekuwa amevaa suti.

Mwandishi wa wasifu huu bado yuko shule, na husaidia ofisini siku za Jumamosi. Aliombwa kuandika kwa sababu alikuwepo siku Sista alipochaguliwa kumhudumia bibi yake, na inasemekana hakuna kisa cha Lala Hapa kinachokizidi hicho.

Bibi alikuwa fundi cherehani. Madaktari waliposema dawa zao zimefika mwisho, aliomba jambo moja tu: abaki chumbani kwake, penye dirisha linalotazama barabara, ajue nani amepita na amevaa nini. Mwanawe wa kwanza, Baba mkubwa, ambaye ni mwalimu mkuu mwenye sauti ya kutikisa madirisha, alitaka arudishwe wodini. Haukuwa ukatili, ilikuwa hofu. "Maumivu yakimshika hapa nyumbani, nani kati yetu anajua la kufanya?" aliuliza. Mwishowe akakubali kwamba wakipatikana watu wa kuaminika wa kumhudumia nyumbani kabla ya wiki kwisha, Bibi atabaki. Wasipopatikana, Jumatatu gari la wagonjwa litakuja kumchukua.

Sasa, katika familia hii ukitangaza jambo kabla halijaiva, litapingwa mpaka lichakae. Kwa hiyo kila mmoja wa watoto wa Bibi alitafuta kimyakimya. Shangazi akaita watu wake. Baba akamwita Sista. Baba mkubwa naye, asije akaambiwa hakujaribu, akaita wa kwake. Na kila mmoja akachagua Jumamosi alasiri, kwa kuwa ndiyo siku aliyojua wenzake watakuwepo, wakute jambo limeshaiva.

Wageni walifika karibu kwa pamoja. Shangazi alimwona bwana mwenye tai na kompyuta aliyeitwa na Baba mkubwa, akadhani ni mwalimu mwenzake. Baba mkubwa alimwona Sista, akadhani ni rafiki wa Shangazi. Wote wakakaribishwa chai. Yule bwana wa tai na dada mmoja mwenye viatu vya kung'aa, ambaye ndiye aliyeitwa na Shangazi, wakaanza kupeana pole ya kuuguza, kila mmoja akiamini mwenzake ni ndugu wa mgonjwa. Sista alishaelewa, lakini kwa kicheko alishindwa kusema. Sebule ikajaa minong'ono na milio ya vikombe, mpaka sauti ya Bibi ikatoka chumbani: "Nyie! Mbona mmeanza msiba na mimi bado nipo?"

Vikombe vikatua. Watu wakaulizana wao ni nani hasa, na aibu ilipokwisha kuzunguka sebule nzima, Bibi akatoa amri: "Kama mnanigombea, njooni mnigombee mbele yangu."

Wakajipanga chumbani, mabega kwa mabega. Bwana wa tai alieleza habari za mitungi ya oksijeni, na alieleza vizuri. Dada wa viatu alieleza habari za simu inayopokelewa saa yoyote, na alikuwa mkweli. Bibi akawauliza wote swali moja: "Na mkishaondoka, mimi nabaki na nani?"

Wakajibu kwamba atabaki na watoto wake.

"Hawa?" Bibi akawatazama mmoja mmoja. "Huyu mkubwa tangu niugue hata mto hajaniwekea. Anasimama mlangoni, anakohoa, anarudi kwake."

Ilikuwa kweli, na Baba mkubwa alikuwa amesimama mlangoni wakati huo huo. Sista, ambaye hakuwa ameeleza lolote, akatoa shuka mkobani, akalitandika kwenye mkeka kando ya kitanda. "Mwalimu," akasema, "lala hapa."

"Mimi?"

"Lala, baba," Bibi akadakia. "Usinitie aibu mbele ya wageni."

Baba mkubwa akavua viatu. Kidole gumba kikachungulia kwenye soksi, na Bibi akashika kichwa: "Mama yako fundi, soksi imetoboka!" Akalala. Shangazi na Baba wakavuta shuka kwa nguvu zao zote, na mwalimu mkuu akabiringika mpaka kiunoni chini ya kitanda. Bwana wa tai akatupa koti akaja kumvuta. Dada wa viatu akashika miguu. Baba akajaribu kumnywesha kaka yake maji kwa kijiko, yakaishia puani. Bibi alicheka hadi akaomba ashikiliwe.

Sista akasema warudie, polepole. Akawaonyesha pa kuweka mikono, mmoja nyuma ya bega, mwingine nyuma ya nyonga, kisha wasubiri apumue ndipo wageuze. Safari hii mwalimu alikwenda taratibu, akatulia kwa ubavu, uso ukutani. Akasema akiwa hapo hapo chini, "Kumbe ukishikwa vizuri huogopi."

Akainuka. Akasogea kitandani, alikokuwa hajawahi kufika tangu Bibi augue, akauliza kwa sauti ambayo wanafunzi wake wasingeitambua, "Mama, nikugeuze?"

"Nigeuze. Na polepole, mimi si gunia."

Akamgeuza. Bibi akashusha pumzi ndefu, akamwonyesha Sista kwa kidole. "Nimemchagua huyu. Ninyi wengine asanteni sana, kamalizeni chai."

Jumatatu gari la wagonjwa halikuja. Alikuja Sista, akapanga saa za dawa ya maumivu, akamlaza kila aliyemo ndani ya nyumba. Bibi alipohitaji oksijeni, Sista mwenyewe alimpigia simu bwana wa tai, ambaye aliileta mbiombio akawa mgeni wa kudumu wa chai. Hivyo ndivyo Sista alivyofanya kazi miaka yote: hakuona mshindani, aliona mkono wa kushika ncha nyingine ya shuka.

Bibi alifariki mchana kweupe, chumbani kwake, bila maumivu. Sista hakuwepo, alikuwa kwa mgonjwa mwingine ng'ambo ya mji. Hakuna aliyekimbia huku na huko, wala aliyeuliza la kufanya. Baba mkubwa ndiye aliyekuwa amemshika.

Sista, kwa nyumba zote ulizotoka ukaacha watu hawaogopi, asante. Tunakutakia maisha mema, marefu, na yenye kelele nyingi.